Kusukuma Wiki, Kusukuma Mwaka

Mwishoni mwa Septemba, nusu ya Brooklyn Park hugeuka wakulima kwa jioni moja. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, dereva wa lori, karani wa ghala, mwanafunzi wa chuo: kila mwenye kipande cha bustani nyuma ya nyumba anatazama simu yake aone kama joto la usiku litashuka chini ya sifuri. Mji huu umekaa ukingo wa magharibi wa mto Mississippi, kaskazini ya Minneapolis katika jimbo la Minnesota, Marekani, juu kidogo ya mstari wa nyuzi 45 kaskazini ya ikweta, na msimu wake wa kulima ni mfupi. Miche hutolewa nje katikati ya Mei, na Oktoba haizeeki kabla sakitu haijapita. Nyanya, pilipili, maboga na mnavu havistahimili. Kisichochumwa jioni hukutwa asubuhi kimesinyaa, cheusi, kama kilichomwagiwa maji ya moto.

Basi jioni hiyo jiko la nyumba ya Wakenya huwa soko. Meza imejaa, sinki limejaa, beseni la mchicha liko sakafuni na mtu analiruka akienda kufungua friji. Swali linaloulizwa hapo lina sura ya kazi za nyumbani, lakini ndani yake limo swali ambalo manabii, masheikh na wanafalsafa wamelizunguka karne nyingi: kilichozidi leo ni cha nani?

Jibu la kwanza halihitaji mafunzo. Simu zinapigwa. Mfuko mmoja wa mnavu unakwenda kwa wifi anayekaa Brooklyn Center, wa pili unapelekwa kanisani, wa tatu unavuka uzio kwa jirani Mliberia. Brooklyn Park na miji inayopakana nayo ni miongoni mwa makao makubwa ya Waliberia nje ya Liberia, na kwao majani ya viazi vitamu, matembele yetu, ni kitoweo cha heshima. Mtu wa namna hiyo hapewi majani akauliza yanapikwaje. Wala aliyempelekea hakukaa kwanza kutafakari ukarimu. Mnavu hauwezi kungoja, kwa hiyo umegawiwa.

Jibu la pili liko juu ya kabati: sanduku lenye trei kadhaa, kifaa cha kupasha moto na feni.

Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Majani mabichi ni maji kwa kiasi cha sehemu tisa katika kumi, na maji hayo ndiyo makazi ya bakteria na ukungu. Yaondoe, na vijidudu vitakosa pa kuishi. Joto linalofaa mboga ni kati ya nyuzi 52 na 57 za Selsiasi. Chini ya hapo mboga huweza kuchacha kabla haijakauka. Likizidi sana, ngozi ya nje hugeuka gamba na kufungia unyevu ndani. Karoti, kunde na maharage mabichi huchovywa kwanza kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha kwenye maji baridi, ili vimeng'enya vinavyoharibu rangi na ladha vife. Majani huchukua saa 4 hadi 8. Nyanya, zenye maji mengi, huweza kupita saa 10. Kilo moja ya sukuma wiki iliyochambuliwa hutoka ikiwa gramu 100 na ushee, nayo hutoshea kwenye kopo la kioo ambalo jana lilikuwa na siagi ya karanga.

Huko Dodoma kazi hii hufanywa na jua, bila bili ya umeme. Minnesota haina jua la namna hiyo: kiangazi chake kina unyevu mwingi hewani, na wataalamu wa uhifadhi wa chakula Marekani hawashauri kukausha mboga nje, kwa kuwa hazina sukari wala asidi ya kutosha kujilinda zinapokawia kukauka. Ndiyo maana oveni na mashine vimechukua nafasi ya mkeka.

Siku hizi mashine hiyo imepata kazi nyingine zaidi ya kuweka mboga ya kupikwa Januari. Majani ya sukuma hupakwa mafuta kidogo, chumvi, ndimu na pilipili, yakakaushwa hadi yavunjike kwa kidole: kripsi. Bitiruti, karoti na viazi vitamu vilivyochemshwa hukatwa vipande vyembamba kama sarafu. Mzazi anayetaka kuuondoa mfuko wa viazi vya kukaanga mkononi mwa mwanawe hupata kitu chenye nyuzinyuzi na madini, kisichokaangwa, na chumvi yake ameipima mwenyewe. Hasara ipo. Vitamini C hupotea kwa wingi, na kirutubisho kinachogeuka vitamini A mwilini hupungua mboga ikianikwa kwenye mwanga mkali. Ndiyo sababu kukausha kivulini ni bora kuliko juani, na kopo likae kabatini gizani. Tena kitu kilichonywea hudanganya jicho. Nani angetafuna karoti kumi mbichi kwa mkao mmoja? Zikikauka zinaisha kabla taa ya barabarani haijageuka kijani.

Kwa mpishi, hayo yote ni faida. Kwa mtu mwenye dini, hapo ndipo shaka inapoanza. Mashine ile imeondoa maji, na pamoja na maji imeondoa haraka. Mboga iliyokuwa ikimlazimisha mwenyewe apige simu kabla ya saa tatu usiku sasa inangoja. Inaweza kungoja hadi Machi. Wifi hakupigiwa, uzio haukuvukwa, na hakuna aliyefanya kosa lolote.

Waswahili wana neno lao hapa: akiba haiozi. Ni methali ya mzazi kwa mtoto, ya mwenye duka kwa mteja, na hata mabenki yanaipenda. Hata jina la sukuma wiki ni la mkabala huohuo, mboga ya bei nafuu inayoisukuma wiki mpaka mshahara ufike. Ikikaushwa inasukuma mwaka. Lakini katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, kuna akiba iliyooza.

Waisraeli jangwani walipewa mana kila asubuhi, pishi moja kwa kila mtu, wakaambiwa wasibakize. Wapo waliobakiza, kesho yake ikawa na mabuu na uvundo. Mhubiri mwenye haraka huishia hapo na kutangaza kwamba kuweka akiba ni upungufu wa imani. Kisa kinaendelea. Siku ya sita walikusanya maradufu, na kilichowekwa kwa ajili ya Sabato hakikuharibika. Kisha Musa akaagiza pishi moja itiwe chomboni na kuhifadhiwa, ili watakaozaliwa baadaye wakione chakula kilichowalisha wazee wao. Mana ni ileile, na hatima zake ni tatu: iliyofichwa kwa hofu ikaoza, iliyowekwa ili watu wapumzike ikadumu, na iliyowekwa kwa ukumbusho ikawa mali ya wote.

Kisa hicho kina wasomaji wa karibu Minnesota. Miongoni mwa Wakenya wa jimbo hili wamo Abagusii wengi, na kwao Kanisa la Waadventista wa Sabato lina mizizi mirefu. Wamisionari wake walifika Gendia, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1906. Nyumba inayoshika Sabato inajua maana ya siku ya Maandalio: Ijumaa sufuria hukaa motoni mapema ili Jumamosi mama asiwe mtumwa wa jiko. Kopo la mboga kavu linaingia vizuri katika mpango huo. Hata pishi ya ukumbusho ina mfano wake kabatini: kifurushi cha chinsaga, mgagani wa Kisii, kilichotoka nyumbani katika sanduku la shangazi na kutangazwa uwanja wa ndege kama sheria inavyodai. Hicho hakipikwi Jumanne ya kawaida. Kinangoja mgeni, au siku ambayo mtu amepokea simu ya msiba na anataka kuonja kwao.

Injili ya Luka, sura ya 12, ina tajiri aliyevuna kupita kiasi, akaazimia kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, akafa usiku uleule. Mara nyingi hadithi hiyo husomwa kama onyo juu ya ghala. Ukiisoma tena utaona jambo jingine: mtu yule anajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe, na anapotaka kusherehekea anaiambia nafsi yake. Hana mke katika kisa, hana mfanyakazi, hana jirani. Shamba lote lile, na hakuna aliyeitwa aje aone.

Upande wa Uislamu mjadala huu una jina, tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, na wanazuoni wameupima kwa siku na miezi. Katika Sura Yusuf, nabii anawapa Wamisri ushauri wa kiufundi kabisa: nafaka wanayoivuna iachwe katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Punje iliyo ndani ya ganda lake hudumu zaidi. Unabii hapo umekuja na elimu ya ghala. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari, Mtume Muhammad aliwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka.

Lakini iko habari ya nyama ya kuchinja. Mwaka mmoja Mtume aliwakataza watu wa Madina kubakiza nyama ya Idi zaidi ya siku tatu. Mwaka uliofuata walipouliza kama katazo linaendelea, aliwaruhusu wale, watoe na waweke. Sababu ya katazo, kama ilivyosimuliwa, ilikuwa watu wenye njaa kutoka majangwani waliokuwa wamefika mjini mwaka ule. Kukausha nyama hakukuwa dhambi. Mtume mwenyewe, alipomwona mtu akitetemeka mbele yake, alimtuliza kwa kujiita mtoto wa mwanamke wa Makka aliyekula nyama iliyokaushwa. Wasomali wa Minnesota, jamii kubwa kuliko zote za Wasomali nchini Marekani, wanalijua tendo lenyewe kwa jina la oodkac: nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli kwa ajili ya safari. Kilichobadili hukumu ile ni nani yuko mlangoni.

Al-Ghazali, aliyefariki 1111, alilitafutia suala hili kipimo. Katika sehemu ya kitabu chake kikuu inayohusu tawakuli, anakubali kwamba mwenye familia anaweza kuweka chakula cha mwaka bila kuharibu tegemeo lake kwa Mungu. Kupita hapo ni udhaifu wa moyo, kwa kuwa mvua na mavuno hurudi kila mwaka. Mkulima wa Brooklyn Park anaielewa hesabu hiyo bila mwalimu. Kopo la Septemba linapaswa kuwa tupu Juni. Likiwa bado limejaa, basi halikuwa chakula tena, lilikuwa woga uliopewa kifuniko.

Wanafalsafa wa mali nao walipita jikoni humu. John Locke, katika kitabu chake cha pili juu ya serikali kilichotoka 1689, alisema mtu ana haki ya kuchukua kutoka ardhini kiasi anachoweza kukitumia kabla hakijaharibika. Kinachooza mikononi mwake amewapokonya wengine. Akatoa mfano wa mtu mwenye matunda yatakayooza ndani ya wiki, akayabadilisha kwa njugu zitakazodumu mwaka mzima. Huyo, alisema, hakumdhulumu yeyote. Hapo mlango ukafunguka. Kikipatikana kitu kisichooza kabisa, kama dhahabu au fedha, mpaka wa asili unakuwa umefutwa, na mmoja anaweza kuwa na vingi kupita kiasi bila kuvunja kanuni. Trei ya kukaushia mboga ni hatua ya kwanza ya safari hiyo, ndogo, isiyo na nia mbaya.

Julius Nyerere alianzia upande mwingine. Katika insha yake ya 1962 kuhusu Ujamaa, alidai kwamba tamaa ya kulimbikiza inazaliwa na kutojua kesho itakuwaje. Jamii ikipangwa vizuri, asiye na limbikizo leo hana haja ya kuhofia njaa kesho, na mjane wake na yatima wake watatunzwa. Akiba ya mtu ilikuwa watu. Insha hiyohiyo iliwakumbusha wasomaji kwamba mgeni hupewa jembe siku ya tatu, maana aliyetegemea jamii alitegemewa nayo pia.

Mhamiaji anaishi kati ya hao wawili. Ana makopo kabatini, na ana simu inayolia Jumamosi kutoka Nyamira au Eldoret. Sehemu ya mshahara wake imekwishatumwa kabla hajanunua karoti. Ukimwambia anahodhi kwa sababu amekausha mboga kopo nne, atakuonyesha risiti za fedha alizotuma nyumbani.

Hata hivyo, jambo moja limebadilika, na si uwekaji wenyewe. Wasukuma wamekausha viazi vitamu tangu zamani: michembe ni vipande vilivyoanikwa vibichi, matobolwa huchemshwa kwanza. Wateso wa Uganda wana amukeke na inginyo. Wagogo huanika mlenda, wakausaga na kuuweka kwa miezi ya ukame, maana Dodoma pia ina majira yasiyo na jani bichi, ingawa huko ni vumbi na huku ni theluji. Kila mahali hapo mboga hukaushwa nje, juu ya mwamba, mkeka au paa. Anayepita anaona. Anajua nyumba hii ina viazi vingi mwaka huu, na akiishiwa mwezi wa Novemba anajua abishe hodi wapi. Jua lilikuwa halikaushi bila mashahidi.

Ardhi hii ya kaskazini nayo iliyajua hayo kabla ya jembe la Ulaya. Buffalo Bird Woman, mwanamke wa kabila la Hidatsa aliyezaliwa karibu 1839 kando ya mto Missouri, alimsimulia mchungaji na mtafiti Gilbert Wilson namna ya kulima na kuhifadhi, na simulizi lake likachapishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1917. Maboga yalikatwa vipande, yakatungwa kwenye vijiti vya mti uitwao mwiloo na kuanikwa juu ya jukwaa refu mbele ya nyumba, wazi kwa kijiji kizima. Siku ya kumenya mahindi vijana waliitwa kusaidia, na chungu cha nyama kiliwangojea. Kisha chakula kilishushwa katika mashimo ya akiba chini ya ardhi. Kilifichwa, ndiyo, lakini baada ya kuonekana.

Mashine ya jikoni imefungwa pande zote, inanguruma usiku watu wakiwa wamelala. Na kinachotoka humo mara nyingi si kitoweo, ni kitafunio. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mswahili anayekutwa anakula husema karibu, hata kama sahani imebaki matonge mawili. Kripsi za sukuma huliwa garini kati ya zamu mbili, mkono mmoja kwenye usukani, au mbele ya kompyuta. Hakuna wa kukaribishwa. Chakula hicho kina afya ya mwili, lakini hakina mahali pa kuketi mtu wa pili.

Wapo wanaotafuta njia ya katikati. Sheria ya Minnesota ya vyakula vinavyotengenezwa nyumbani, iliyopitishwa 2015, inamruhusu mtu aliyesajiliwa na kupata mafunzo kuuza vyakula vikavu visivyoharibika upesi moja kwa moja kwa mlaji, na meza za masoko ya wakulima zimepata bidhaa mpya. Wengine hupeleka ziada ikiwa mbichi kwenye vituo vya kugawa chakula. Na ni Brooklyn Park hapahapa, katika mji uliowahi kujulikana kwa mashamba ya viazi na ambao sherehe yake ya kila mwaka bado inaitwa Tater Daze, ndipo lilipo ghala la Second Harvest Heartland, mojawapo ya benki kubwa za chakula nchini. Ghala la Yusuf, mtu anaweza kusema, lenye vyumba vya baridi na malori. Ukubwa wake unaeleza kwamba wenye njaa waliofika mjini mwaka ule wa Madina hawajaondoka. Ila siku hizi hawabishi hodi nyumba kwa nyumba. Wanapanga foleni mahali pengine, na mwenye kopo kabatini hawaoni.

Kwa hiyo baadhi ya wanawake mjini humu wamezoea kukausha pamoja. Nyumba moja ina mashine, nyingine ina visu vizuri, ya tatu ina chai. Mboga ya kila mmoja hupata trei yake, mazungumzo hupita saa tano usiku, na asubuhi makopo hugawanywa kwa hesabu ambayo haiko sawa kabisa, kwa sababu yupo aliyejifungua mwezi uliopita na hakuweza kulima. Kripsi zilizopakwa mafuta huliwa wiki hiyohiyo. Mafuta huchacha, na haraka iliyofukuzwa mlangoni hurudi kupitia dirishani.

Sakitu ikishapita, bustani hubaki na mistari ya mabua meusi. Sukuma wiki peke yake husimama. Baridi ya kwanza haiiui. Huifanya igeuze sehemu ya wanga wake kuwa sukari ili isigande, na majani ya Oktoba huwa matamu kuliko ya Julai. Yanaweza kuchumwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa zaidi, kutoka chini kwenda juu. Asubuhi hiyo mtu hutoka na koti juu ya kanga, akakung'uta barafu kwenye majani, akavunja mkono mmoja wa kwake na mkono mwingine, kisha akaelekea kwenye uzio.